Upinde Ukikorofisha Porini: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu na Kuitengeneza

Upinde uliopiga vizuri uwanjani unaweza kukugeuka porini ndani ya saa chache. Huko unapitishwa kwenye miiba, unapandishwa mtini kwa kamba, unalazwa juu ya mizigo, unanyeshewa na kukaushwa na jua siku hiyohiyo. Skrubu hulegea, uzi hujisokota, noki (kishikizo cha mkia wa mshale kinachonasa uzi) hupasuka, na mara nyingi hujui lolote mpaka mnyama awe mbele yako.

Mwongozo huu hasa ni wa mtu anayetumia upinde wa kamu, ule wenye magurudumu kwenye ncha zake, aliye mbali na fundi na mbali na presi ya upinde (mashine ya kuubana upinde ili uzi ulegee), mwenye mkoba mdogo wa vifaa na jua linalozama. Msimamo wangu ni mmoja na siupunguzi: hitilafu iliyotengenezwa lakini haijapimwa kwa mshale bado ni hitilafu. Mshale unaopotoka sentimita kumi uwanjani unakupotezea alama tu. Kwa mnyama, sentimita kumi hizo ni jeraha la tumbo na kifo cha taratibu mahali ambapo hutamwona. Kwa hiyo tatizo lolote nitakalolitaja lina majibu matatu tu: litengeneze uendelee kama kawaida, litengeneze upunguze umbali wa kupiga, au funga upinde urudi kambini.

Kabla hujashika spana

Toa mshale kwenye uzi, uurudishe kwenye podo. Kisha kagua upinde mzima kutoka juu hadi chini bila kuuvuta. Hilo la kutouvuta ndilo muhimu kuliko yote. Mtu akisikia mlio asiouzoea, mkono humwenda wenyewe kwenye uzi avute ajue kuna nini. Tawi (mkono wa upinde unaopinda) lenye ufa kwenye upinde wenye uzito wa kuvuta wa ratili 60 linaweza kupasuka wakati huohuo, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo.

Anzia kamu ya juu. Uzi umekaa ndani ya mfereji wake? Na kebo, zile kamba nyingine zinazounganisha kamu na matawi, je? Shuka kwenye tawi, pitisha kipande cha pamba au kitambaa laini mbele, nyuma na kwenye kingo. Kikinasa, hapo kuna ufa au kibanzi. Usitumie kidole kitupu, maana vibanzi vya fiberi huingia kwenye ngozi na kuvitoa ni kazi. Fuata uzi wote kwa macho, kisha kitanzi cha uzi (kinachoshikwa na kifyatuo, kifaa cha mkononi cha kuachia uzi), tundu la kulengea (kipete kilicho kwenye uzi mbele ya jicho), kiegemeo cha mshale, kilengeo (chenye pini za kulengea), skrubu za matawi, na umalizie kwenye kamu ya chini.

Ukikuta mojawapo ya haya, uwindaji wa siku hiyo umekwisha kwa upinde huo: ufa kwenye tawi au kwenye mpini, uzi au kebo iliyotoka kwenye kamu, uzi au kebo yenye hata uzi mmoja wa ndani uliokatika, kamu iliyopinda au yenye jino kali kwenye mfereji, kwa sababu jino hilo litakata uzi mpya kama lilivyokata wa zamani.

La tano ni kufyatua bila mshale. Mshale ndio unaobeba nguvu iliyokuwa kwenye matawi. Usipokuwepo, au noki yake ikipasuka wakati wa kuachia, nguvu yote inarudi kwenye matawi, ekseli, kamu na nyuzi. Upinde unaweza kuonekana mzima kabisa na ndani umeachana. Mpaka umekaguliwa kwenye presi, usivutwe tena. Najua inauma, hasa kama umesubiri msimu mzima.

Na uzi uliotoka kwenye kamu usijaribu kuurudisha kwa bisibisi wala kwa kukanyaga matawi. Upinde wa kamu hauvuliwi uzi kwa mikono kama upinde wa jadi. Tangu Holless Wilbur Allen alipopewa hataza yake mwaka 1969, nguvu ya pinde hizi imefungwa kati ya matawi na kebo hata zikiwa zimepumzika. Uweke chini polepole, uufunike, uubebe hivyo hivyo.

Ni mshale mmoja au yote?

Kama upinde umepita ukaguzi huo lakini haupigi unapolenga, usikimbilie kugeuza kilengeo. Piga kwanza mishale mitatu tofauti, kila mmoja mara moja, kwenye kisiki kilichooza au udongo laini, kwa umbali unaoujua. Kisha soma matokeo.

Mshale mmoja ukienda pembeni na miwili ikakaa pamoja, upinde hauna kosa. Weka alama kwenye huo mmoja uuondoe kwenye matumizi.

Yote mitatu ikikaa pamoja mahali pasipo sahihi, kuna kitu kilichosogea na kutulia hapo kiliposogea: kilengeo, tundu la kulengea, au mahali noki inapokaa kwenye uzi. Hii ndiyo hali nyepesi kuliko zote.

Ikitawanyika ovyo, kuna kitu kinachocheza kila unapopiga. Tafuta skrubu iliyolegea, kiegemeo kisichoinuka vizuri, manyoya yanayogusa, au wewe mwenyewe: pumzi ya mlima, mkono wa baridi, mkono wa koti unaoguswa na uzi. Ikitawanyika juu na chini tu, huku kushoto na kulia iko sawa, shuku kebo iliyonyooka na kamu zisizofika mwisho kwa pamoja. Ukivuta mpaka mwisho utahisi ukuta, yaani kizuizi cha mwisho wa kuvuta, umekuwa laini, haugomi kama zamani. Hilo linahitaji presi. Porini unachoweza kufanya ni kupunguza umbali sana au kuacha.

Mshale wenyewe

Hapa ndipo matatizo mengi huanzia, na hapa ndipo watu hawaangalii kwa sababu wanaona upinde ndio mashine.

Mshale wa kaboni uliogonga jiwe, mfupa au mti ukague kabla haujarudi kwenye uzi. Shika kila ncha kwa mkono mmoja, uukunje mshale uelekee mbali nawe kiasi cha sentimita mbili na nusu katikati, huku umeusogeza karibu na sikio. Uzungushe robo mzunguko, uukunje tena, mpaka umemaliza pande zote. Kisha sokota ncha hizo kinyume, kidogo tu. Ukisikia mchakato mdogo kama wa kijiti kikavu kinachoanza kuvunjika, au ukaona mstari unaofunguka ukipinda na kufunga ukiachia, uvunje palepale ili usirudi kwenye podo kwa bahati mbaya. Kaboni iliyopasuka ikivunjika wakati wa kuachia, vipande vyake huingia kwenye mkono unaoshika upinde. Fanya kazi hii ukiwa na glavu kama unazo.

Noki isukumie kwenye uzi. Inatakiwa itoe mlio mdogo wa kunasa na kushika uzito wa mshale ukiuning'iniza, lakini iachie ukigonga uzi kwa kidole. Ikibana sana, mshale unaondoka ukivutwa upande. Ikilegea, inaweza kutoka kwenye uzi ukiwa umevuta, na hapo utafyatua bila mshale. Noki yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, tupa. Noki za akiba hazina uzito wowote mkobani, na ya zamani ikikataa kutoka ishike kwa koleo ukiizungusha.

Kigumba kisichokaa sawa kinageuza mshale kuwa usukani. Simamisha ncha ya kigumba kwa uangalifu juu ya sehemu ngumu, uuzungushe mshale kama pia, utazame pale kigumba kinapokutana na mti wa mshale. Pakitetemeka, fungua kigumba, futa mchanga kwenye nyuzi za skrubu, ukaze tena. Pakiendelea kutetemeka, jaribu kigumba kingine kwenye mshale huohuo. Hapo utajua kama kilichopinda ni kigumba au kikombe chake ndani ya mshale. Kaza kwa ufunguo wake maalumu, usikaze kwa vidole. Wembe wa kuwindia unakata msuli wa kidole kabla hujahisi maumivu.

Ukibadilisha kigumba, uzito ubaki uleule. Kigumba cha greni (kipimo kidogo cha uzito) 125 mahali pa greni 100 kitashusha mshale, na tofauti itaonekana zaidi kadiri umbali unavyoongezeka. Kwa upande mwingine, mshale mwepesi mno unaumiza upinde. Kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi ni greni 5 za mshale mzima kwa kila ratili ya kuvuta, yaani upinde wa ratili 60 usipige mshale ulio chini ya greni 300.

Manyoya yaliyobanduka yanarudishwa kwa supaglu. Futa gundi ya zamani kwa kisu, kausha, paka tone dogo, shikilia, kisha tia tone lingine kwenye ncha ya mbele ya unyoya, maana ndiyo inayoanza kubanduka. Mshale huo ufanye wa mwisho kwenye podo.

Uzi, na kitanzi kilichokatika

Ule uzi mwembamba uliozungushiwa katikati, pale noki inaponasa, huanza kufunguka ncha moja ukaendelea wenyewe. Ukiuwahi, tatizo ni dogo. Rudisha mizunguko iliyofunguka, ikaze, uizungushie uzi wa kusafishia meno usio na ladha, ukifunga fundo kila mzunguko kwa mizunguko kumi hivi, kisha tone la supaglu juu ya mafundo tu. Gundi isiingie kwenye nyuzi za ndani, inazikausha na kuzivunja.

Kitanzi ambacho kifyatuo hushika ndicho hukatika bila taarifa, mara nyingi ukiwa umevuta, na unaweza kujipiga ngumi ya uso. Bahati nzuri kukifunga upya hakuhitaji presi. Jifunze nyumbani, siyo gizani:

1. Kabla ya yote, tafuta mahali noki ilipokuwa ikikaa. Kwa kawaida kuna mng'ao au mkwaruzo kwenye uzi. Kama uliweka alama mapema kwa kalamu ya rangi, umejiokoa.
2. Kata kamba ya kitanzi yenye urefu wa sentimita 11 au 12. Iwe kamba halisi ya kitanzi, ya milimita 2 hivi. Kamba ya kiatu isikushawishi.
3. Fungua nyuzi za ncha moja kwa kucha mpaka zichanue, uziyeyushe kwa kibiriti cha gesi, ubonyeze kwa upande butu wa kisu. Kunapaswa kutokea kichwa kama cha uyoga ambacho hakiwezi kupenya kwenye fundo.
4. Funga fundo la kwanza juu ya mahali pa noki: zungusha kamba kwenye uzi, ncha ipite chini ya kamba yenyewe. Kichwa kielekee upande mmoja, tuseme kushoto.
5. Funga fundo la pili chini ya mahali pa noki, kichwa chake kielekee kulia. Mafundo yakitazama upande mmoja, kitanzi kitazunguka kwenye uzi.
6. Punguza ncha ya pili, nayo iyeyushe vilevile. Angalia moto usiguse uzi wa upinde. Weka kidole au kipande cha bati katikati.
7. Ingiza koleo ndani ya kitanzi, ufungue mdomo wake kwa nguvu mpaka mafundo yajikaze kabisa. Pachika mshale uone kama noki ina nafasi ndogo ya kupumua kati ya mafundo mawili.

Kitanzi kipya karibu kila mara kitasogeza mshale juu au chini kidogo, na pia kinaweza kugeuza tundu la kulengea. Kwa hiyo hapa hakuna njia ya mkato: piga mishale ya kuthibitisha.

Kama huna kamba, kifyatuo kinaweza kushika uzi wenyewe chini ya noki. Wapiga upinde wengi walikuwa wakifanya hivyo kabla vitanzi havijaenea. Lakini urefu wako wa kuvuta utabadilika, mshale utapiga mahali pengine, na ule uzi uliozungushiwa utachakaa upesi. Ni suluhisho la umbali mfupi na la siku moja.

Kilengeo na tundu la kulengea

Kama kilengeo kimegongwa, kirudishe kwenye alama zako. Alama hizo ni mistari myembamba ya rangi nyeupe uliyochora nyumbani ikivuka kutoka kwenye kilengeo hadi kwenye mpini, juu ya kila skrubu. Mistari ikiachana, unaona palepale kilichosogea na kiasi gani. Fanya hivyo pia kwenye kiegemeo na skrubu za matawi. Sijui matayarisho mengine yanayolipa zaidi kwa kazi ya dakika tano.

Kama hukuwa na alama, rekebisha kwa kupiga. Kanuni ni kuufuata mshale: ukipiga chini, shusha pini, ukipiga kulia, sogeza pini kulia. Sogeza kidogo. Kati ya jicho na pini kuna takriban sentimita 80, kwa hiyo milimita 1 kwenye kilengeo ni kama milimita 25 kwenye shabaha iliyo mita 20, na milimita 50 kwa mita 40. Watu wengi husogeza kupita kiasi, wakarudi, wakapita tena, mpaka mishale yao yote ya mazoezi imepotea.

Usiguse kiegemeo ili kurekebisha shabaha ukiwa porini. Kiegemeo ndicho kinachoamua mshale unaondokaje. Ukikichezea unaweza kupata shabaha ya mita 20 na kuharibu ya mita 30.

Fiberi ya pini (uzi wake mwembamba unaong'aa) ikikatika, vuta kiasi kidogo cha ile iliyozungushwa nyuma, ipitishe kwenye tundu lake, kisha sogeza moto karibu na ncha bila kuigusa. Ncha itavimba kuwa kichwa kidogo kitakachoishikilia. Taa ya kilengeo ikizima kwenye baridi, itoe betri uipashe joto mfukoni karibu na mwili. Kumbuka pia kwamba baadhi ya maeneo yanakataza taa au kifaa chochote cha umeme kwenye upinde wa kuwindia.

Tundu la kulengea lililojigeuza ni ugonjwa wa nyuzi mpya na wa joto kali. Ukivuta unaona ukingo badala ya duara. Njia ya kudumu ni kuhamisha nyuzi kutoka upande mmoja wa tundu kwenda mwingine, na hiyo inahitaji presi. Porini, zungusha mafundo ya kitanzi kwenye uzi kidogo kinyume cha upande unaotaka tundu ligeuke, yakaze, uvute na mshale ukiwa umelenga mahali salama, uangalie. Mara nyingi marekebisho hayo madogo yanatosha kufungua duara.

Likichomoka kabisa ni jambo zito. Kwanza angalia kama halijakata uzi wakati wa kutoka. Kama nyuzi ni nzima, unaweza kulenga kwa kuweka uzi uleule mbele ya jicho na mkono kwenye sehemu ileile ya shavu, lakini utapiga juu au chini bila kujua mpaka umepima. Binafsi nisingempiga mnyama zaidi ya mita 15 katika hali hiyo, na ningependelea nisipige.

Kiegemeo kinachoanguka

Viegemeo vinavyoanguka viko vya aina mbili, na vinaharibika kwa namna tofauti. Kile ambacho kamba yake imefungwa kwenye kebo huinuliwa na kamba hiyo unapovuta. Ikikatika au ikiteleza, mshale unabaki chini. Kile kilichofungwa kwenye tawi hushushwa na kamba, na springi ndiyo inayokiinua. Kamba yake ikikatika, kiegemeo hubaki juu muda wote kama kiegemeo cha kawaida, na bado unaweza kupiga.

Kamba ikiteleza kwenye kebo, irudishe kwenye alama ya zamani na uifunge kwa mizunguko ya uzi wa meno juu na chini ili isiteleze tena. Kisha mwombe mwenzako asimame pembeni, nyuma ya mstari wako, atazame wakati unavuta kwa mshale ukielekea kwenye kisiki: kiegemeo kifike juu kabisa katika sentimita chache za mwisho za kuvuta, siyo mapema sana, na kisibaki nusu.

Kama unalazimika kupiga kiegemeo kikiwa juu, manyoya huenda yakagusa. Paka poda au majivu laini kwenye manyoya na kwenye kiegemeo, piga, utazame ilipofutika. Zungusha noki kidogo kidogo mpaka manyoya yapite bila kuacha alama.

Kifyatuo

Beba cha akiba, kilichopimwa kwa urefu uleule. Vidole kwenye upinde mfupi wa kamu si mbadala: pembe ya uzi ni kali, vidole vinausokota, na uzi unaweza kutoka kwenye kamu.

Kilichojaa mchanga kisukutue kwa maji, kipulize, kikaushe. Usikipake mafuta mazito kwa sababu yanakusanya vumbi zaidi. Kisha kijaribu nje ya upinde: funga kamba kuwa duara, ishikishe kwenye kifyatuo, ikaze kati ya mikono miwili, ufyatue mara kumi. Kikiachia chenyewe hata mara moja kati ya hizo kumi, kitoe mkononi.

Kelele

Mnyama anasikia upinde unaolia kabla mshale haujafika, naye huinama au huruka. Gonga mpini kwa kifundo cha kidole ukiwa umeweka sikio karibu, huku mkono mwingine ukishika kitu kimoja kimoja: podo, kilengeo, kidhibiti cha mbele, kiegemeo. Kelele ikikata uliposhika, umeipata. Kaza kwa alenkii (ufunguo wa pembe sita), na kama skrubu inalegea tena na tena, tia tone dogo la gundi ya skrubu.

Mlio wa kukwaruza wakati wa kuvuta mara nyingi unatoka kwa mshale kwenye kiegemeo au kwenye mpini. Bandika kipande cha kitambaa kizito chenye gundi. Ukitoka kwenye kitelezi cha kebo, sugua nta. Ukitoka kwenye ekseli na hauishi, ukague kamu kwanza kabla ya kufikiria mafuta, na mafuta yawe yasiyo na harufu.

Hali ya hewa

Maji yakijaa kwenye tundu la kulengea, pumzi moja kali inayatoa. Fanya hivyo kila unapotulia, usingoje mnyama. Uzi usio na nta hunyonya maji, unakuwa mzito, na mshale unashuka. Paka nta ukiwa mkavu, isugue kwa vidole mpaka ipate joto na kuingia ndani. Manyoya ya ndege yakilowa hulala. Yafunike, na ikinyesha mfululizo tumia mishale ya manyoya ya plastiki.

Baridi inakufanya ushindwe kuvuta uzito ambao jana uliona mwepesi. Unaweza kupunguza ratili mbili au tatu kwa kulegeza skrubu za matawi, juu na chini kiasi kilekile kabisa, bila kupita idadi ya mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji. Shabaha itashuka, kwa hiyo pima upya. Usishuke chini ya uzito wa kuvuta unaotakiwa na sheria ya mahali unapowinda.

Joto ni adui mkubwa kuliko mvua. Upinde ulioachwa ndani ya gari lililofungwa juani hunyoosha uzi, hugeuza tundu, na gundi ya matawi inaweza kuachia. Ukiukuta umepikwa hivyo, uache upoe kivulini, urudie ukaguzi wote wa mwanzo, hasa ule wa pamba.

Kwa wenye upinde wa jadi

Nyinyi mna nafuu: uzi mnaubadilisha wenyewe. Beba uzi wa pili ambao umekwisha kutumika na kunyooka, wenye mahali pa noki pamefungwa tayari, pamoja na kamba ya kuvalishia uzi. Kuupinda upinde kwa mguu ndiko kunakosokota matawi. Upinde ukianza kupiga kelele ghafla, pima nafasi kati ya mpini na uzi. Ikiwa imepungua, uzi umenyooka: uvue, uongeze misokoto kadhaa, uuvalishe, upime tena. Kisha utazame kwa urefu kutoka ncha moja. Uzi usipopita katikati ya matawi yote mawili, uuvue tena na usipige mpaka umejua sababu.

Mishale ya kuthibitisha

Mkobani, pamoja na alenkii zinazoingia kwenye kila skrubu ya upinde wako (zijaribu zote nyumbani), koleo dogo, kamba ya kitanzi, uzi wa meno, supaglu, kibiriti cha gesi, nta, noki, kipande cha pamba na kalamu ya rangi, kuwe na mishale miwili yenye vigumba butu vya uzito sawa na vya kuwindia. Hiyo haiwindi, kazi yake ni kupima tu.

Baada ya marekebisho yoyote yanayogusa uzi, kilengeo, kiegemeo au matawi, ondoka eneo unalowindia, tafuta kisiki au tuta laini lisilo na mawe, na upige kwa mpangilio huu. Anza kwa mita 10. Hapo unathibitisha kwamba upinde ni salama na mshale unaruka bila kutikisa mkia. Rudi nyuma hadi mita 20, piga mara mbili. Mishale ikikaa ndani ya upana wa kiganja, rudi nyuma mita kumi zaidi. Umbali wa mwisho ambao mishale yote miwili imekaa ndani ya kiganja ndio mpaka wako kwa siku hiyo, hata kama kawaida yako ni mara mbili ya huo.

Kisha piga mshale mmoja wenye kigumba halisi cha kuwindia kwa umbali huohuo, kwa sababu vigumba vyenye mbawa pana havitui kila mara pale vinapotua vya butu. Ukipita, ufute, angalia makali yake, uufunge alama ya tepu na uuweke nafasi ya mwisho kwenye podo mpaka umeunoa tena.